Maboksi kumi ya marehemu

Leo nimekutana na mwanamke aliyetupa maisha ya baba yake kwa sababu yalikuwa na vumbi.

Baba huyo alikuwa msanii. Akiokota vyuma kwenye magereji ya Wadi Kabir na kuviunga vikawa sanamu. Fikra zake akiziandika nyuma ya paketi za sigara na risiti.

Nimewapigia kelele watu wa maktaba mwaka mzima mpaka wakakubali kuzihifadhi karatasi hizo, maboksi kumi mazima.

Nikaenda Sib, nyumbani kwa marehemu, kuzichukua. Binti akanipa faili moja, jembamba.

"Na yale maboksi kumi?"

"Ami, zile takataka. Watu wanakuja kutupa pole, ningewakalisha wapi? Nimebakisha karatasi za maana."

Za maana: pasipoti, hati ya nyumba, bili za maji.

Nikamwambia mende wana staha kuliko yeye, wao angalau hula karatasi kidogo kidogo.

Hakukasirika. Akafungua ukurasa wa mwisho, ule alioutia plastiki.

"Na hii. Mara moja tu Baba kuandikwa gazetini."

Ilikuwa makala yangu ya zamani, niliyoiandika kabla sijajua kutazama. Kichwa chake: "Mwokota taka anayejiita msanii".

"Umeisoma?"

"Nimeisoma, Ami. Wewe msomi umesema ni taka. Mie nani nikubishie?"

Akanimiminia kahawa.

Faili ninalo hapa mezani. Kesho nalipeleka maktaba, na humo ndani anayemzungumzia marehemu ni mimi peke yangu.

Haya, semeni. Lakini anzeni na mimi, yeye nimeshamtukana vya kutosha.