Kibwebwe cha Ndani

Asmahani, muuza vitenge wa Kasulu, alikuwa ameshika mkia wa kamba, nafasi ya mwisho ya mtoa amri ya kuvuta, miaka tisa, na minne ya mwisho alikuwa akiburuzwa nao kwenye tope jekundu watu wazima wakitazama. Kila Siku ya Wanawake, akina mama wa sokoni huvuta kamba na wanawake watumishi wa serikali. Wanaoshindwa wanapika na kuwahudumia walioshinda. Miaka minne mfululizo mama zetu wamesonga ugali wa muhogo na kukaanga migebuka wa ziwani, walimu na makarani wamekaa wanasubiri sahani. Aibu gani hiyo!

Mwaka huu Firdausi, muuza dagaa asiyejua kumung'unya maneno, alimpasulia. "Dada, tukishindwa tena, mkia unaniachia mimi."

Asmahani akakubali. Ila mkia ule aliupenda kuliko duka lake.

Sasa, mgongo ulikuwa umempeleka kwa nesi Careen, binti wa Mbeya aliyehamishiwa huku kikazi. Badala ya vidonge, nesi akamwambia atandike mkeka wafanye yoga. Asmahani alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini baada ya miezi mitatu ya kukalia matako, miguu juu, mwili umekunjwa kama mtumbwi na tumbo linatetemeka, mgongo ulinyamaza wenyewe. Akawakokota na wenzake kumi wa kamba.

"Nguvu haziko mikononi, mama zangu," Careen aliwahubiria kila Jumamosi. "Ziko hapa chini ya kitovu. Na hapo hapo ndipo mtu anapojua jambo kabla hajaambiwa. Lisikilizeni tumbo."

Siku ikafika. Akina mama wakatoa khanga wajifunge vibwebwe, kama walivyofanya mama zao.

"Vibwebwe chini!" Asmahani akaamuru.

"Umerogwa?" Firdausi akang'aka.

"Kibwebwe kikikukaza, tumbo linalala. Leo tunakaza wenyewe, kwa ndani."

Wakavifungua huku wananung'unika. Firdausi alikuwa wa mwisho, na chake alikibwaga chini kwa hasira.

Upande wa pili, kwenye mkia wa watumishi, nani kasimama? Careen mwenyewe! Ualimu wa mkekani mbali, utumishi mbali.

Filimbi ikalia, kamba ikakakamaa. Dakika nzima haiendi huku wala kule. Mara watumishi wakapata hatua moja. Wakapata ya pili!

"Sema tuvute, dada!" Firdausi akapiga kelele.

Uwanja mzima ukapokea: "Vutaaa!" Akili ya Asmahani nayo ikasema vuta. Tumbo likasema bado. Miaka minne alikuwa amesikiliza kelele za uwanja, na miaka minne amepika. Akashusha pumzi, kitovu akakivutia mgongoni.

"Bado!"

"Bado nini, tunakufa!"

Kisigino cha mama wa mbele kikabakiza shubiri moja kufika mstari wa kushindwa. Jamani, aliogopa! Aliuona mkia unamtoka hivi hivi, kwa ubishi wake mwenyewe.

Ndipo machale yakamcheza. Hakuona kitu, hakusikia kitu. Chini ya kitovu tu, jambo likageuka.

"Sasa!"

Matumbo kumi na moja yakakaza kwa mpigo, na watumishi ndio kwanza walikuwa wanavuta hewa. Weee! Walikuja wazimawazima, walimu, makarani na nesi wao, wakatua kifudifudi topeni. Vigelegele vikapasua anga. Firdausi akamrukia Asmahani shingoni, machozi yanamtoka. "Ushike, dada! Ushike mpaka uzeeke nao!"

Mchana Asmahani akakaa kitini kama bibi harusi. Careen akamletea jagi na beseni, matope mpaka kwenye nyusi, akapiga goti kumnawisha. Akamnong'oneza.

"Mama, ulijuaje?"

"Ni tumbo! Si wewe uliyenifundisha?"

Careen akamimina maji taratibu, macho kwenye beseni. "Mimi nilisoma tu, mama. Langu halijawahi kuniambia hata neno moja."

Asmahani alimtazama, akaona binti hatanii, anaumia kweli. Akamshika mkono kwa vidole vyake vinavyochuruzika maji.

"Litakuambia saa ngapi, mwanangu, na wewe kutwa unafundisha?"