Petronila Akataa Kukalishwa

Petronila aliacha shamba lake Butiama akiwa na miaka sitini na mbili, akahamia Mwisenge, mjini Musoma, kwa mwanawe Renatus. Alikuwa mjane, na Renatus aliona fahari kumtunza. Hakumruhusu kushika hata ndoo. "Umelima vya kutosha, mama. Sasa kaa ule." Mkewe, Esta, akamwekea kigoda kivulini, na hapo Petronila akakaa mwaka mzima.

Siku moja mwaka 1983 mvua ilikuja ghafla. Alitaka kuinuka aanue mtama, magoti yakakataa. Esta aliporudi kutoka sokoni alimkuta palepale, kalowa chapachapa, analia.

"Mimi nilikuwaga nabeba mtungi kichwani na mtoto mgongoni," alisema. "Leo nanyeshewa kama jiwe."

Asubuhi yake hakuomba ruhusa. Alishika fimbo akaenda ziwani na kurudi. Ni mwendo wa dakika kumi. Yeye ulimchukua saa nzima. Magoti yaliwaka moto, Esta akamkanda kwa maji ya moto, na Renatus akagomba.

"Watu watasema nakutesa!"

"Waache waseme. Magoti ni yangu."

Kila kukicha aliongeza hatua. Mwezi wa nne akafika Buhare, pembezoni mwa mji, na kurudi, fimbo kaiacha nyumbani. Zama zile sabuni ilipatikana kwa foleni. Petronila alisimama tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, vijana wamechuchumaa wamechoka, akaondoka na mche mzima.

Mwaka uliofuata dada yake, Tereza, alituma habari kutoka Butiama: mjukuu wake anaolewa Jumamosi. Lakini dizeli ilikuwa imeadimika, na basi halijaonekana siku ya nne sasa. Renatus akasema watume salamu tu. Petronila akaufunga ule mche wa sabuni kwenye khanga, zawadi ya bibi arusi.

"Barabara haijafungwa. Ni basi tu limekosa mafuta."

Waliondoka Alhamisi, Renatus nyuma yake, kabeba chakula na hofu. Walilala Makutano kwa katekista mmoja. Ijumaa viatu vya ofisini vikamchubua Renatus, akavivua, akawa anachechemea peku.

"Mama, tupumzike kidogo."

"Pumzika, mwanangu. Nitakungojea Butiama."

Tereza alikuwa uani anapepeta ulezi. Alipomwona dada yake anapanda kilima, ungo ukamponyoka. "Dada! Umekuja na gari gani?"

Petronila alijipiga mapaja. "Na haya!"

Vigelegele vikaitikiana nyumba hadi nyumba. Nusu saa baadaye Renatus akatokea, viatu mkononi, akaletewa maji na kiti kama mzee. Kesho yake arusini Petronila alicheza mpaka vumbi likamfika kiunoni.

Miaka ya tisini magari yakajaa. Makondakta wa mabasi ya Bunda walimgombania barabarani: "Bibi, panda!" Naye, na miaka yake sabini na mitano, aliwapungia mkono akapita. Nyuma yake walifuata wanawake saba wa rika lake, wanaongea na kucheka njia nzima hadi Buhare. Mwaka ule Renatus alipunguzwa kazini, akabaki nyumbani na kitambi chake na mawazo yake. Petronila alimwacha alale siku mbili. Ya tatu akagonga mlango wake alfajiri.

"Vaa malapa, mwanangu. Wenzio wanatusubiri."