Mama na Msaiprasi Mgonjwa

Wiki jana, huko Munyaka, nilimwona kijana akikata matawi makavu ya ua wa saiprasi. Harufu ya utomvu ikanirudisha nyumbani kwetu, karibu na Moi's Bridge.

Tulikuwa na msaiprasi mmoja mkubwa, ndio uliozuia upepo using'oe mabati ya nyumba. Ulianza kukauka matawi, gome likapasuka na kuvuja utomvu. Mzee mmoja wa mbao alimwambia Mama, "Huo umekufa. Niuzie mapema."

"Ngoja mvua inyeshe," Mama akajibu.

Mchana huo alitoa ndoo na dawa ya kutoa madoa. Kwetu harufu hiyo ilimaanisha nyumba inasafishwa kwa ajili ya wageni, kwa hiyo nilikimbia kuvaa gauni la kanisani, nikaketi mlangoni. Mama alikuwa juu ya ngazi. Alikata kila tawi gonjwa chini kabisa ya kidonda, penye gome zima, kisha akashuka kuchovya msumeno kwenye ndoo kabla ya kupanda tena.

"Unangoja nani na hilo gauni?"

"Wageni."

Alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Vua, uje tuchome haya matawi."

Leo najua kwamba kuvu husafiri kwenye meno ya msumeno, na dawa ile huiua. Siku hiyo nilijua tu kwamba wageni hawakuja.

Mvua iliponyesha, matawi yaliyobaki yalijaa majani mapya. Mzee wa mbao alirudi na msumeno wake wa petroli, akauzunguka mti mara mbili.

"Sasa nikate nini, Mama?"

"Kata nyasi, Mzee, kama mkono unakuwasha."