Jina la Mama Yake Mama

Harufu ya nywele za bandia zinapochovywa katika maji ya moto ndiyo harufu ya utoto wangu. Kila msusi wa mtaa wetu, Albert Park, alikuwa na ndoo yake na birika lake la umeme. Akimaliza kusuka rasta alizikusanya ncha zake mkononi, akazichovya, na mvuke ukapanda ukinuka plastiki, mafuta ya nazi na shampuu ya bei rahisi. Mama alisuka katika saluni ndogo chini ya jengo tulilokaa, na mimi, nikitoka shule, nilikaa kwenye kibenchi pembeni yake nikimgawia vifungu vya nywele. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Wanawake wa Bukavu, wa Uvira, wa Bujumbura na wa Kigoma walikaa pale kwa muda wa saa nne au tano, wakizungumza Kiswahili cha kila aina, Kifaransa kikiingia, Kizulu kikitoka, na mvua za Desemba zikimwagika mtaani mpaka robot, zile taa za kuongoza magari, za kona ya chini zikazimika na magari yakaanza kupigiana honi. Mama alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Tumbo lilikuwa limekua hata akalazimika kusuka akiwa amesimama upande.

Mimba hiyo ndiyo iliyoleta swali. Papa, aliyekuwa akipakua makontena katika ghala moja la Clairwood, alikuwa ameshatoa majina mawili: mimi nilipewa jina la mama yake, Neema, na mdogo wangu akapewa la baba yake. Jumapili moja, tukiwa mezani, alimwambia mama kwa furaha kabisa, kama mtu anayetoa zawadi, "Huyu sasa ni wa upande wako, Mama Neema. Akiwa binti, mpe jina la mama yako." Mama aliendelea kula. Kisha aliweka kijiko chini akasema, "Jina la mama yangu silijui." Papa alijua hilo, walikuwa wameoana miaka mingi. Nadhani alikuwa amelisahau, kama mtu mwenye vidole vyote anavyosahau kwamba mwenzake hana kimoja.

Mama alikulia milimani, juu ya Baraka, mashariki ya Kongo, katika jumuiya ya watu waliojiita Watu wa Nyumba Moja. Majirani waliwaita Watetemekaji. Mwanzilishi wao, kwa hadithi waliyosimuliana, alikuwa mpishi wa mmisionari aliyekuwa na kitabu juu ya Washeka wa Amerika, watu wa zamani walioishi pamoja bila kuoana, wakimiliki kila kitu kwa pamoja, na wakimwabudu Mungu kwa kucheza na kutetemeka mpaka sakafu ikatikisika. Mmisionari alimsomea kitabu hicho ili amchekeshe. Mpishi hakucheka. Aliacha kazi, akapanda mlimani na familia chache, nao wakajenga. Walichonga viti ambavyo watu walivifuata kutoka mbali, walilima maharagwe, na jioni waliimba na kutetemeka. Mume na mke walioingia pale waligeuka kaka na dada. Mtoto akiachishwa ziwa alipelekwa kwenye nyumba ya watoto, akawa wa wote. Kila mtoto alimwita kila mwanamke mama, na hakuna mtoto aliyeambiwa ni yupi aliyemzaa. Waliona huo ndio upendo uliokamilika, usio na choyo. Kisha vita vikafika, viti vikawa kuni, watu wakatawanyika. Mama, msichana wa miaka kumi na mitano, alivuka ziwa mpaka kambini Tanzania, na baadaye akafika huku kusini, bila ukoo, bila kijiji, bila jina la mtu yeyote wa damu yake.

Wiki mbili baada ya maneno ya Papa, mteja mmoja wa saluni alikuwa akieleza habari za jengo lao. Alisema ghorofa ya tisa iko bibi mmoja mzee sana, Koko Subira, anayeishi kwa mtoto wa kaka yake. "Akisali anatetemeka, dada, mpaka kitanda kinalia. Na mwanaume hakubali akae karibu yake, hata pasta." Mkono wa mama ulisimama kichwani mwa yule mteja. Aliuliza namba ya mlango kwa sauti ya kawaida kabisa, akaendelea kusuka, lakini rasta tatu zilizofuata alizikosea, ikabidi azifumue.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda. Lifti ilikuwa imekufa zamani, na mama alipanda ngazi akishika tumbo kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili. Chumba kilikuwa kimegawanywa kwa mapazia, familia tatu ndani yake, na nyuma ya pazia la mwisho, kando ya dirisha, alikaa mwanamke mdogo kama mtoto, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. Mikono yake ilitetemeka mapajani hata alipokuwa hasali. Mama alipiga magoti, jambo gumu kwa hali yake, akasema, "Koko, mimi ni Riziki. Wa nyumba ya watoto." Yule mzee alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka cha watu waliojifunza kusoma kwa Biblia, "Riziki mwenye mbio. Umekuwa mtu mzima." Mama alilia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia hivyo. Tangu Kongo alikuwa hajakutana na mtu hata mmoja aliyemjua akiwa mtoto.

Tukaanza kwenda kila Jumamosi. Mama alibeba kitana na chupa ya mafuta, akamsuka Koko mistari midogo iliyolala, na huku vidole vikifanya kazi alikuwa akiuliza. Mimi nilikaa chini na kikombe cha chai. Mwanzoni Koko alisimulia mambo ya kupendeza: jinsi watoto walivyolala kumi kwenye mkeka mmoja, jinsi mama alivyoiba karanga na kuzificha kwenye sikio. Mama alicheka, na mimi nikacheka, na nikaanza kuzipenda Jumamosi zile kuliko siku nyingine zote. Lakini kila mama alipolifikia swali lenyewe, Koko alilikwepa. "Sote tulikuwa mama zako," alisema. Mama alimjibu, "Ndiyo, Koko. Lakini mmoja alinibeba." Na Koko akarudia maneno yake yaleyale. Jumamosi ya tatu mama alimshika mkono, akauweka juu ya tumbo lake, mahali mtoto alipokuwa akipiga teke. "Huyu anataka jina," alisema. "Watu wa Nyumba Moja hawako tena, Koko. Wewe unamlindia nani siri?" Koko aliuondoa mkono wake polepole.

Jumamosi ya nne tulipofika alianza mwenyewe, hata kabla mama hajafungua chupa ya mafuta. Alimwambia asuke tu, asije mbele, kwa sababu hangeweza kusema huku akitazamwa. Basi mama alisimama nyuma yake, akagawa nywele, akaanza mstari wa kwanza.

Koko alisema kwamba mama yake mama aliingia mlimani mwaka wa njaa, na mtoto mgongoni, mumewe akiwa amefariki. Alitoka wapi, hawakumuuliza. Jina lake la nyumbani hawakulitaka, kwa kuwa kila aliyeingia alipewa jipya, naye aliitwa Dada Utulivu. Mtoto alipoachishwa ziwa alichukuliwa, kama watoto wote. Lakini Dada Utulivu hakuweza. Saa za mchana, watoto wakiwa wamelala, aliingia kwa siri katika nyumba yao, akamwinua wake, akamshikilia kifuani. Walimkamata, wakamwonya. Walimkamata tena. Mara ya tatu wazee walikaa, wakaamua atoke, na mtoto abaki, kwa sababu mtoto alikuwa ameshatolewa kwa wote. Akatoka. Lakini hakwenda mbali. Alijenga kibanda bondeni, na kila siku alasiri alipanda, akasimama nje ya uzio wa miti, akitazama watoto wakicheza.

"Mwenye kitambaa cha bluu," mama alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndiye."

"Yule mwendawazimu."

"Hakuwa mwendawazimu. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo. Nilikuwa mlezi wenu, nilipewa kazi ya kumfukuza, nami sikuwa na moyo wa kumfukuza mwenyewe. Nikawaambia ninyi watoto kwamba ana pepo, mumtupie udongo. Baadaye mkatupa mawe."

Nilimtazama mama. Vidole vyake havikusimama. Vilivuka, vikakaza, vikaongeza nywele, vikavuka tena, kama vile vya mtu mwingine. Aliuliza, "Na mimi nilitupa?"

"Ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa na mbio kuliko wote, ulikuwa wa kwanza kufika kwenye uzio. Siku ya mwisho jiwe lako lilimpata hapa." Koko alijaribu kugusa paji la uso wake, mkono ukatetemeka mno, ukaanguka. "Alishika damu. Akakuita, Riziki, mara moja tu. Kisha akashuka bondeni na hatukumwona tena. Kesho yake nilikwenda kibandani, kilikuwa kitupu. Watoto wengine tuliwabadilisha majina. Wewe tulishindwa, ulikataa kuitikia jina lingine. Hilo ndilo alilokupa yeye. Mengine yake sina, mwanangu. Naapa sina."

Mama alimaliza mstari aliokuwa ameushika. Akamaliza na uliofuata, na yote iliyobaki, mpaka kisogoni, akapaka mafuta, akafuta shingo ya Koko kwa taulo. Yule mzee alilia muda wote bila sauti, machozi yakidondoka juu ya mikono yake inayotetemeka. Mama alisema, "Imekwisha, Koko," nami mpaka leo sijui alimaanisha nywele au nini. Tulishuka. Ghorofa ya sita alikaa kwenye ngazi, akaegemeza kichwa ukutani, watu wakampita na ndoo zao na mifuko yao ya soko. Mwanamke mmoja alisimama akauliza kama uchungu umeanza. Mama alitikisa kichwa. Aliniambia nikae karibu yake, nikakaa, akanivuta kwa nguvu hata bega likaniuma, na sikuthubutu kusema linaniuma.

Nyumbani alimsimulia Papa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Papa alisema lile ambalo mtu yeyote mwema angelisema: "Ulikuwa mtoto." Na mama akajibu, "Najua nilikuwa mtoto. Na yeye alijua. Angekuwa hajui, angenichukia, ningepona."

Mdogo wangu wa pili alizaliwa katikati ya Januari, binti, mzima, mwenye nywele nyingi. Siku nyingi alikaa bila jina. Papa alipendekeza Utulivu, mama akageuka ukutani. Mwishowe alisema mtoto ataitwa Riziki. Papa alishangaa, akasema, "Eish, mama, mtoto hapewi jina la mama yake ambaye yuko hai, watu watasema nini?" Mama alimjibu kwamba hilo ndilo neno pekee lililotoka kinywani mwa mama yake na kumfikia, kwa hiyo ndilo urithi, hakuna lingine. Papa alilijaza kwenye fomu ya kliniki bila kubisha tena.

Kwa Koko Subira hatukurudi. Mara mbili alituma mtu kumwita mama, na mara mbili mama alisema yuko kazini. Mwezi wa sita mzee alifariki. Wanawake wa jengo lile walikuja saluni wakasema hakuna mtu wa kumwandaa kwa mazishi ambaye alimjua toka mbali, isipokuwa mama. Mama alichukua kitana chake, akaenda. Aliporudi alinawa mikono, akamnyonyesha mtoto.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi ya ofisi katika kiwanda kimoja cha Mobeni, na mama anaishi nami, magoti yamechoka kwa kusimama. Siku hizi kutafuta ndugu ni jambo la kidole. Riziki mdogo, ambaye ni mkubwa kwangu kwa kimo, yumo katika makundi ya simu ya watu wa Baraka, wa Fizi, wa Uvira, waliotapakaa kuanzia Australia mpaka Kanada, na kila wiki humo ndani mtu anampata binamu yake, wanatumiana picha, wanalia kwa sauti za kurekodi. Wakati mama alipokuwa akipanda ghorofa tisa na tumbo lake, habari zote za dunia aliyotoka zilikuwa katika kichwa cha mwanamke mmoja. Leo tunaweza kuuliza watu elfu kwa siku moja. Tumeuliza. Dada Utulivu hakuna anayemjua, kwa sababu hakuna mtu nje ya mlima ule aliyewahi kumwita hivyo.

Mwaka jana Riziki mdogo alimpata kijana mmoja mwalimu aliyekubali kupanda mpaka mlima ule kwa ajili yetu. Alitupigia akiwa juu, upepo ukivuma kwenye simu. Alisema hakuna nyumba, ni majani tu, na bondeni kuna kijiji kipya cha watu waliorudi kutoka kambini. Alikuwa tayari kuwauliza wazee, ila alitaka jina. Tulitazamana. Mama akanyoosha mkono, akachukua simu.

"Mwanangu, jina sina," alisema. "Waulize tu kama iko familia iliyopoteza binti. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwaka wa njaa."

 Yule mwalimu alisema, kwa upole, "Mama, huku ni familia gani haikupoteza binti?"

Mama aliitikia kwa kichwa, kana kwamba alikuwa anaonekana.

"Basi," alisema, "nisalimie wote."