Fundi wa Mafundo na Barakoa ya Kulalia

Wageni wanaolala kando ya maporomoko ya Kisangani hulalamika asubuhi kwamba mto umewanyima usingizi. Wenyeji huwaacha waendelee kuusingizia mto, maana si adabu kumtaja mwenyeji mwenzako. Lakini majirani wote wa Papa Nephtali walijua kuwa maji hayakuwa na kosa. Kelele ilitoka nyumbani kwake, puani kwake, na ilianza kila siku mara tu kichwa chake kilipogusa mto wa kulalia.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye shingo nene, tumbo la mtu anayepewa kichwa cha samaki bila kuomba, na sifa moja ambayo hakumruhusu mtu yeyote kuisahau. Alijua kufunga. Wagenia, watu wa pale, huvua kwa migono, vikapu vikubwa vyenye midomo mipana ambavyo hutegwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya maji makali. Miti ile haina msumari hata mmoja. Inashikwa na kekele, kamba za mmea wa porini unaotambaa, ambazo hulowekwa kwanza ili zikikauka zijikaze zenyewe. Fundo likilegea, mto unachukua mgono, samaki, na siku nyingine mwenye mgono pia. Kila familia ina mahali pake pa urithi, na mkubwa wa familia ndiye anayepanda kufunga. Papa Nephtali alikuwa mkubwa, na alikuwa amekwisha kuliambia hilo kila sikio lililokaa karibu naye zaidi ya dakika tano.

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limeanza kutoboka. Kwa miaka miwili alikuwa akisinzia mchana. Alisinzia kanisani wakati wa sala ya kwanza. Alisinzia matangani na sahani mkononi, akaamka, akaomba nyongeza. Aliwahi kusinzia katikati ya kumgombeza mtu kwa uvivu. Watu walicheka, naye akasema anafikiri.

Halafu akasinzia juu ya miti. Ilikuwa asubuhi nyeupe, ukingo umejaa watu, naye ameukalia mti mmoja huku anazungusha kekele. Kidevu kikashuka kifuani. Mwili ukafuata. Kilichomwokoa ni kisiki cha tawi kilichonasa kaptula yake, akaning'inia juu ya maji kama mgono wake mwenyewe. Mdogo wake Célestin alipanda mbio akamvuta. Neno la kwanza la Papa Nephtali aliporudi chini halikuwa shukrani. Alimlaumu Célestin kwa kuichana kaptula.

Familia iliitana. Aliyeongea alikuwa Tantine Orpha, shangazi yao, bibi mdogo wa umbo ambaye hata wanaume wenye mvi humsikiliza wakiwa wameinamisha macho.

“Nephtali, mi nakupenda,” alisema. “Lakini mi hapana penda matanga. Nakupa mwezi moja. Ukilala tena kule juu, hata kidogo, Célestin njo mwenye atapanda. Na weye utabakia huku chini na sisi bamama.”

Célestin hakusema kitu. Papa Nephtali aliutazama ukimya ule akauona ni uroho mtupu. Paka, alijiambia, hamtangazii panya kwamba ana njaa. Na kwa kweli aliogopa. Bila mahali pale juu ya maji angekuwa nani? Angekuwa mzee mnene mwenye hadithi, na wa namna hiyo mjini walikuwepo wa kutosha.

Dawa ilikuwepo nyumbani, chini ya kitanda, ndani ya mfuko ambao haujafunguliwa kwa miezi minne. Binti yake Félicité, muuguzi wa Kinshasa, alikuwa amempeleka kwa daktari baba huyo alipokwenda huko kwenye harusi ya binti. Wakamfunga nyaya, wakamlaza, na asubuhi daktari akamweleza kuwa koo lake linajifunga usingizini, pumzi inakatika mara nyingi katika kila saa, na kila inapokatika mwili unaamka bila yeye kujua. Ndiyo maana analala usiku kucha na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Akapewa mashine ndogo inayopuliza hewa kwa mrija hadi kwenye barakoa ya puani, ili koo libaki wazi. Papa Nephtali alirudi nayo Kisangani akasema mtu wa mto hajazwi upepo kama gurudumu la baiskeli, na akaisukuma chini ya kitanda kwa mguu.

Sasa aliivuta kwa mikono miwili. Mfa maji haachi kutapatapa. Betri ya sola ilikuwepo, mashine ikawaka, ikapuliza. Ndani ya mfuko Félicité alikuwa ameweka mito mitatu ya mpira ya kubandika kwenye barakoa, mdogo, wa kati na mkubwa, pamoja na karatasi yenye maelezo. Papa Nephtali hakuisoma karatasi. Alichukua mpira mkubwa.

“Jaribu kwanza ile kidogo,” mkewe Mama Clothilde alimshauri. “Pua yako iko kidogo.”

Papa Nephtali aligeuka polepole. Katika miaka thelathini ya ndoa alikuwa ameambiwa mengi, lakini hilo lilikuwa jipya.

“Mukubwa ya famili hapana vaa kidogo,” alijibu. “Tutaonekana batu gani?”

Kwamba kitandani hakuna wa kumwona isipokuwa yeye Clothilde, aliyekwisha kumwona vya kutosha, hilo halikumpitia akilini. Alivaa mkubwa. Hewa ikatoka juu ya pua, ikampiga machoni hadi alfajiri. Aliamka na macho mekundu, na kule kanisani mzee mmoja wa kwaya akamshika mkono kwa huruma na kumwombea aache pombe.

Barakoa inavuja? Basi ikazwe. Hapo fundi aliingia kazini. Siku ya pili alivuta mikanda mpaka mashavu yakapanda. Ikavuja zaidi. Siku ya tatu aliichunguza mikanda yenyewe, vitambaa vinavyovutika na kushikana kwa kunata, akaicheka kwa dharau. Mto ungeichezea mikanda ile kabla ya jua kupanda! Akaing'oa yote. Akakata kekele nyembamba, akailoweka ndani ya beseni la Clothilde, akaifunga barakoa usoni mwake kwa fundo lake maarufu, lile alilofundishwa na baba yake, lile ambalo mafuriko matatu hayakulifungua.

Na kekele, kama kila mtoto wa Kigenia ajuavyo, ikikauka inajikaza.

Asubuhi Clothilde alikuta kichwa cha mumewe kimegawanyika sehemu tatu kama mkate. Ngozi ya juu ya pua ilikuwa imechubuka hadi damu. Mpira ulikuwa umepondeka, na hewa inapenya pembeni ikipiga filimbi ya sufuria ya maharagwe. Alijaribu kulifungua fundo kwa vidole, akashindwa. Akajaribu kwa meno. Mwishowe alileta kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, akamwambia asitikisike. Kamba ilipokatika, neno la kwanza la Papa Nephtali lilikuwa, “Umeona? Haikulegea.”

Wiki mbili zikaisha hivyo. Majirani waliozoea mkoromo sasa walipata mkoromo na filimbi. Jumapili alisinzia akiwa amesimama, kinywa wazi katikati ya wimbo, na waumini wa mstari wa nyuma walimtegemeza kwa migongo ya viti. Alipoulizwa kuhusu kidonda cha puani alisema ni mwiba wa samaki. Samaki gani anayechoma mtu alama inayozunguka mpaka kisogoni, hakueleza. Alisema tu kuwa mashine ya wazungu haifai, haijui kushikwa.

“Haijui kushikwa, ao we hapana jua kushika?” Clothilde aliuliza, na bila kungoja jibu akaita pikipiki mbili. Aliipanda moja na mfuko wa mashine mapajani, akamwonyesha mumewe nyingine kwa kidole.

Walikwenda Kabondo, kwenye zahanati ndogo ambako muuguzi aitwaye Bijou aliwahi kumhudumia padri mmoja mzee aliyekuwa na mashine kama ile. Alikuwa msichana mwembamba, umri wa binti yake. Aliitazama kekele iliyobaki kwenye barakoa, akamtazama Papa Nephtali, akatoka nje mara moja. Alirudi amekwisha kucheka, lakini pembe za mdomo zilikuwa bado zinatetemeka.

Alianza kwa kumpima pua kwa kipande cha karatasi.

“Kidogo,” alisema.

“Pima tena.”

Alipima tena. “Papa, ni kidogo. Na hapana mubaya. Hata ile padri ilikuwa vile.”

Akampa sabuni anawe uso, maana Papa Nephtali hujipaka mafuta kila asubuhi na jioni kama mtu anayekwenda kupigwa picha, na juu ya mafuta mpira unateleza. Akabandika mpira mdogo, akarudisha mikanda aliyoiokota Clothilde jalalani na kuiosha. Kisha akamwambia alale kitandani.

“Kulala? Saa tano ya asubuhi?”

“Papa, uso ya mutu mwenye kusimama na uso ya mutu mwenye kulala haiko moja. Nyama inashuka. Tunavalisha ile yenye kulala.”

Alipolala, Bijou aliwasha mashine kwanza, hewa ikaanza kupita, ndipo akafunga mikanda, ya chini kisha ya juu, kushoto na kulia sawasawa. Halafu akapitisha kidole chake chini ya mkanda, kikaenda na kurudi bila taabu. Papa Nephtali alilihisi hilo na moyo ukamuuma kitaaluma.

“Fundo yenye kidole inapita,” alisema kutoka ndani ya barakoa, “iko fundo ya nini?”

“Huku haiko mto, Papa. Masque hapana shikwa na kamba. Pumuzi njo inajaza ule mupira, njo inaukalisha. Ukikaza, unauponda, na hewa inatafuta njia. Bon, sasa angalia.” Akaivuta barakoa kidogo mbali na uso, mpira ukajaa, akaiachia polepole. Ikakaa.

Filimbi ikanyamaza. Hewa machoni ikakoma. Papa Nephtali alifungua kinywa atoe hoja, maana hakuwa amezoea kushindwa na msichana, na hasa si katika mambo ya kufunga. Hoja haikutoka. Alikuwa amelala.

Alilala saa tatu. Bijou aliwahudumia wagonjwa wengine kwenye benchi la nje, na kila mmoja alielezwa kwamba kitanda kimekaliwa na mkubwa wa familia. Hakukuwa na mkoromo. Clothilde, ambaye hakuwahi kumsikia mumewe akilala kimya, aliingia mara mbili kumwekea kiganja kifuani aone kama bado yu hai. Mara ya pili alikaa pale pale kitandani akalia kidogo, kwa furaha au kwa miaka thelathini ya kelele, mwenyewe hakujua.

Wiki iliyofuata Papa Nephtali alikuwa mtu mwingine, yaani alikuwa yule yule ila macho wazi. Alimweleza kila aliyekutana naye kwamba siri ya barakoa ni kulegeza, na kwamba aliigundua baada ya utafiti mrefu. Bijou hakutajwa. Kidonda kilikauka. Kanisani alisikiliza mahubiri yote tangu mwanzo, akagundua kuwa hakuwa amekosa mengi.

Na siku nne kabla ya mwezi kwisha alipanda tena juu ya miti. Familia ilisimama ukingoni ikimtazama. Hakusinzia. Alikaa pale juu, maji yananguruma chini ya miguu yake, akaona kila kitu: mawe, povu, ndege, na mafundo.

Kila mkono una fundo lake. Lake huzungushwa kutoka kulia na ncha hufichwa chini. Célestin hutumia mkono wa kushoto, na fundo lake huja kutoka upande wa pili. Papa Nephtali alitazama mti wa kwanza. Kushoto. Wa pili, kushoto. Alitambaa mpaka mwisho wa miti ya familia, na mafundo yote, yale mapya na yale ya kale yaliyokwisha kuota ukungu, yalikuwa ya mkono wa kushoto. Nyuma ya moja alikuta mabaki ya fundo lake mwenyewe, yamelegea, yamefungwa na mtu aliyekuwa nusu usingizini. Lisingemshika hata kuku.

Aliposhuka walimpigia makofi. Kwa siku nne hakujisifu, jambo lililomfanya Clothilde amguse paji la uso kuona kama ana homa.

Jumapili baada ya ibada walikaa wote, samaki wa liboke wakiwa bado kwenye majani yao. Tantine Orpha akatangaza kwamba Nephtali hakulala, kwa hiyo mahali panabaki pake. Papa Nephtali akasimama.

“Mahali si pangu,” alisema. “Miaka mbili mi nafunga, na Célestin anapanda nyuma yangu kufunga tena. Na mi nilikuwa nasema anataka kuniibia. Mi sikuona kitu. Nilikuwa nalala.”

Tantine Orpha alimkazia macho.

“Nephtali, masque yako iko inakaa muzuri?”

“Inakaa muzuri, tantine. Njo sababu naona.”

Célestin alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake mikubwa imekaa magotini. Alipomwita kaka yake mkubwa, aliongea na majani ya liboke. “Yaya, sikufanya sababu ya nafasi. Nilifanya sababu ungekufa.”

Papa Nephtali akaketi. Kesho yake Célestin alipanda, na kaka yake akabaki chini akiushika mtumbwi usisukumwe na maji, wala hakumwambia jinsi ya kufunga.