Abdi Hassan Wawili, Beji Moja

Kuna watu wana bahati, halafu kuna mimi!

Leo nimealikwa mkutano wa kampuni ya kuhifadhi mafaili ya watu mtandaoni. Hoteli kubwa hapa Garissa. Kiti cha mbele, sambusa, beji shingoni: ABDI HASSAN.

Wanatafuta mshirika mmoja huku kwetu. Kazi ya mwaka mzima.

Mara mama wa kampuni akashika maikrofoni. "Abdi Hassan, karibu utuonyeshe ulivyohifadhi rekodi za zahanati kule Kutulo."

Kutulo? Mimi sijawahi hata kufika!

Nikasimama. Nikaomba maji.

Hapo nikasikia kelele mlangoni. Jamaa amejaa vumbi, amekumbatia laptopu kama mtoto mchanga, anambembeleza askari. "Walaal, ndugu yangu, nimesafiri tangu jana. Abdi Hassan ni mimi."

"Abdi Hassan ameshaingia. Toka!"

Jamaa akaanza kulia. Mwanaume mzima, wallahi.

Sasa nyinyi mnajua. Ita Abdi Hassan hapa sokoni, nusu ya watu na ngamia wawili watageuka. Asubuhi nilitaja jina langu pale meza ya kuandikisha wageni nikijua orodha yao haiwezi kukosa mmoja.

Nikavua beji, nikamvisha. "Askari, muache. Mwenye kazi ni huyu."

"Na wewe ni nani?"

"Abdi Hassan."

Nikatolewa nje na sambusa mkononi.

Niambieni, nimefanya ujinga?

Ile bahati niliyojisifia mwanzo ni uongo. Hakuna mtu alinialika. Nina miezi sita sina kazi.