Sweta yangu mbichi juu ya mashine ya Kibet ya kutafuta nyota

Wakuu, salamu kutoka Kapsoit.

Siku tuliposoma barua pepe iliyotumwa kwa Kibet tulikuwa watatu sebuleni: mimi Chepkoech, mdogo wangu Chelangat wa Form Three, na jirani yetu Mama Atieno wa kiwanda cha chai. Wote wawili watasoma huu uzi, kwa hivyo nikiongeza chumvi watanianika hapa hapa.

Kibet, ndugu yetu wa katikati, hakuwepo. Tulikuwa tumeshamzika.

Nirudi nyuma kidogo. Wazazi walifariki nikiwa darasa la saba. Niliacha shule nikashika kikapu cha chai, Kibet na Chelangat wakasoma. Hilo sijutii.

Cyber moja hapa sokoni ilipofungwa, Kibet alipewa kompyuta kuukuu kwa kazi aliyowafanyia. Akaiweka sebuleni, akaingiza program fulani, na tangu siku hiyo haikuzimwa. Fan inanguruma tu.

"Inafanya nini?" nikamuuliza.

"Inatafuta nyota, Madam." Aliniita Madam kwa sababu ya ukali wangu.

Alinieleza hivi. Kuna darubini iko juu angani, inanasa miale ya gamma, aina ya mwanga usioonekana kwa macho. Nyota kubwa ikifa, wakati mwingine hubaki kitu kidogo kizito kinachozunguka kwa kasi. Kinaitwa pulsar. Kila kikizunguka, miale yake inatupitia kama tochi ya watchman. Shida ni kwamba inayotufikia ni michache mno, na kutafuta mpangilio ndani yake ni hesabu nyingi kushinda kompyuta za wanasayansi. Kwa hivyo kazi inakatwa vipande, watu wa kawaida duniani kote wanajitolea kwa mashine zao. Kipande kimoja hupewa watu wawili. Majibu yakifanana ndiyo yanaaminiwa.

Mama Atieno alicheka. "Yaani mashine haipiki, haiimbi, kazi ni kutafuta nyota mchana?"

"Mama, hata wewe unakausha chai na hujui nani atainywa."

Mimi nilipata matumizi yangu. Anayechuna chai huku anajua: unarudi umelowa, na asubuhi unavaa sweta ile ile mbichi. Nyuma ya ile mashine kulitoka hewa ya moto. Nikawa naanika soksi hapo.

"Soksi sawa," Kibet akasema. "Lakini usifunike matundu. Inapumua hapo."

Kisha figo zake zikaanza kufeli, akalazwa Kericho town. Siku anaondoka aliniomba kitu kimoja tu: "Madam, usiizime."

Wiki ya pili mvua haikukatika. Nilirudi jioni nikitetemeka, nikatandaza sweta juu ya mashine yote, mbele na nyuma, nikaenda kukamua ng'ombe. Niliporudi nyumba ilikuwa inanuka plastiki iliyoungua, na fan imenyamaza. Nilibonyeza kila kitufe, haikuwaka.

Kesho yake hospitalini swali lake la kwanza lilikuwa, "Inaendelea?"

"Inaendelea. Inanguruma tu."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa simu yake. Nilimjibu hivyo kila nilipoenda, mpaka siku nilipokuta kitanda kimetandikwa.

Miezi ikapita. Chelangat alikuwa anatafuta picha za Kibet kwenye barua pepe ya marehemu akakuta ujumbe mpya. Pulsar mpya imepatikana. Mashine mbili ndizo zilizoiona kwanza, moja ya mtu wa ng'ambo, nyingine ya Kibet. Kipande cha kazi kilichoionyesha alikuwa amekirudisha kabla hajalazwa. Wanasayansi waliuliza jina la Kibet liandikwe vipi kwenye ripoti yao.

Mama Atieno alijifunika uso na leso. "Na vile nilimcheka," akasema.

Ndipo nikawaambia kuhusu sweta, na uongo niliokuwa nampelekea pale kitandani.

Chelangat akasogea karibu nami. "Kibet alijua."

Akanionyesha kwenye simu. Account ya Kibet kwenye ile program inaonyesha siku ya mwisho mashine iliwasiliana. Ilikuwa siku ile ya sweta.

"Alikuwa anaangalia kila siku. Akaniambia, hiyo lazima ni sweta, lakini usimuulize Madam. Atakuwa alirudi amelowa."

Wakuu, nilidhani namtunza, kumbe mgonjwa ndiye aliyekuwa ananitunza. Nilichojifunza ni hiki: ukweli mwambie mtu angali anaweza kukujibu. Kibet angenicheka, tungemaliza.

Kama umewahi kumdanganya mgonjwa ili atulie, andika hapo chini, hata kama ni kunilaumu. Na anayejua kufufua kompyuta iliyoungua, tafadhali aseme.

Jina lake tulilituma. Lakini kwenye account yake kuna kipande kimoja kilichokuwa ndani ya mashine siku ile. Kimeandikwa hakikurudishwa, muda umeisha. Kilipewa mtu mwingine mahali fulani, nisiyemjua, akakifanya badala yetu.

Hicho bado nadaiwa.